Sydney baada ya saa moja ya giza

Mwaka 2007 wakaazi wa Sydney, mji mkubwa kabisa nchini Australia, walizima taa zao kwa muda wa saa moja ili kuonyesha wasiwasi wao juu ya ongezeko la ujoto duniani. Miaka iliyofuata imedhihirisha kwamba kuzima taa ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kupata kauli juu ya umeme unaoziwasha.

Ilikuwa saa moja na nusu usiku, Jumamosi ya tarehe 31 Machi. Taa za daraja kubwa la bandari zilizimwa. Upande wa pili wa maji, mapaa meupe ya jumba la opera, ambayo wageni huyafananisha na matanga ya jahazi, yakamezwa na kiza. Nyuma yake, katika kitovu cha biashara cha mji, ofisi zilizozoea kuwaka usiku kucha bila ya mtu ndani nazo zikazimwa, ghorofa hadi ghorofa.

Wazo hilo lililoitwa Saa ya Dunia lilitoka kwa tawi la Australia la shirika la uhifadhi wa mazingira, WWF, likisaidiwa na kampuni ya matangazo ya Leo Burnett pamoja na gazeti la Sydney Morning Herald. Kwa mujibu wa waandaaji, watu milioni 2.2 na makampuni zaidi ya 2,000 yalishiriki. Shirika la umeme lilipima matumizi ya katikati ya mji na kutangaza kwamba yalipungua kwa asilimia 10.2, takriban mara mbili ya kiwango kilichotarajiwa. Wachumi waliorudia hesabu hiyo walipata punguzo dogo zaidi. Na hata takwimu za waandaaji zikikubaliwa zote, saa moja ndani ya mwaka wenye saa 8,760 ni tone la maji baharini. Waandaaji wenyewe hawakudai vinginevyo: walitaka picha, na picha waliipata. Mwaka 2008 miji ya nchi 35 iliiga mfano huo.

Kwa msikilizaji wa Dar es Salaam habari hiyo ilikuwa na kichekesho chake. Mwaka mmoja tu kabla, ukame wa 2006 ulipoyapunguza maji ya mabwawa ya umeme, likiwemo la Mtera, Watanzania walikatiwa umeme kwa saa nyingi kila siku, wala hakuna aliyewaomba ridhaa yao. Giza la hiari ni anasa ya mji ambao umeme wake haukatiki.

Hata hivyo kulikuwa na jambo ambalo picha za usiku ule hazikulionyesha. Walioshika swichi walikuwa na uwezo wa kuzima na kuwasha tu. Umeme wenyewe ulitoka mbali, kwenye vituo vinavyochoma makaa ya mawe kaskazini na magharibi mwa mji, na mkaazi wa Sydney hakuulizwa lolote juu yake.

Mji uliokuwa na umeme wake

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Tarehe 8 Julai mwaka 1904 halmashauri ya mji wa Sydney iliwasha taa za kwanza za umeme katika mitaa yake kutoka kituo chake yenyewe cha Pyrmont, ng'ambo tu ya ghuba ndogo ya Darling. Halmashauri ilizalisha umeme, ikausambaza na kuuza, na mwananchi aliyechukizwa na bei au na moshi aliwajua madiwani wa kuwalalamikia. Jirani yake, kituo cha Ultimo kilichoanza kazi mwaka 1899 kilizalisha umeme wa tramu. Makaa yalichimbwa hata chini ya bandari yenyewe, katika mgodi wa Balmain ambao kazi yake ilianza mwaka 1897 na kukoma mwaka 1931.

Mwaka 1935 shughuli za umeme ziliondolewa mikononi mwa halmashauri na kukabidhiwa chombo kipya kilichohudumia eneo pana zaidi. Baada ya vita vikuu vya pili vya dunia vituo vikubwa vikajengwa karibu na migodi, nje kabisa ya mji. Kituo cha Pyrmont kilifungwa mwaka 1983, na mahali pake leo pana jumba la kamari. Cha Ultimo kiligeuzwa jumba la makumbusho mwaka 1988. Wakaazi walifurahia hewa safi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini moshi ulipohama, uamuzi nao ulihama, na karibu hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo mpaka zama za mabadiliko ya hali ya hewa zilipowadia.

Wajenzi waliokataa kujenga

Saa ya Dunia ya mwaka 2007 haikuwa mara ya kwanza kwa wakaazi wa Sydney kuingilia mambo ya mazingira, na mtu anaweza kusema kwamba mara ya kwanza ilikuwa na uzito mkubwa zaidi. Mwaka 1971 kikundi cha akina mama wa Hunters Hill waliotaka kuokoa msitu mdogo uitwao Kelly's Bush, baada ya kugonga mlango wa kila mwanasiasa bila ya mafanikio, waliomba msaada wa chama cha vibarua wa ujenzi cha jimbo la New South Wales. Chama hicho kiliongozwa na Jack Mundey, mkomunisti, akiwa pamoja na Joe Owens na Bob Pringle. Vibarua walikubali. Walitangaza kwamba hakuna mwanachama wao atakayechimba msingi mahali hapo, na nyumba hazikujengwa.

Hatua hiyo ilipewa jina la marufuku ya kijani, na katika miaka michache iliyofuata zaidi ya marufuku 40 za aina hiyo ziliwekwa. Mtaa wa kale wa The Rocks, chini ya daraja, ambao mpango wa serikali ulikuwa kuubomoa na kusimamisha maghorofa marefu, ulisalimika. Mwaka 1972 vibarua walizuia ujenzi wa maegesho ya magari ya jumba la opera ambao ungeiangamiza mikuyu mikubwa kando ya Bustani ya Mimea. Miti hiyo ndiyo inayowapa kivuli wafanyakazi wa maofisini wakati wa chakula cha mchana. Hakuna aliyezungumzia kaboni siku zile, lakini mji ambao majira yake ya joto yanazidi ukali umefaidika na kila mti ulioachwa umesimama.

Gharama yake haikuwa ndogo. Mundey alibebwa na polisi kutoka The Rocks mwaka 1973. Tawi la chama chake lilivunjwa na viongozi wa kitaifa wa chama hicho hicho, na viongozi wake wakafukuzwa. Mchapishaji wa gazeti la mtaani, Juanita Nielsen, aliyepinga kubomolewa kwa nyumba za barabara ya Victoria katika mtaa wa Kings Cross, alitoweka mwezi Julai mwaka 1975, na mwili wake haujapatikana hadi leo. Mundey mwenyewe alifariki mwezi Mei mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 90, mji ukimsifu kwa kuziokoa sehemu ambazo leo watalii huzipenda.

Vibarua wale walikuwa na kitu ambacho mzima taa hana: kazi yao ilihitajika, na walipoinyima, mradi ulisimama.

Nyota za majengo

Saa ya Dunia ilifika wakati Australia ikiwa katika ukame mrefu. Mwanzoni mwa mwaka 2007 maji ya bwawa la Warragamba, tegemeo kuu la Sydney, yalikuwa yamebaki takriban theluthi moja. Serikali ya waziri mkuu John Howard ilikuwa imekataa kuuridhia Mkataba wa Kyoto. Mwezi Novemba wapiga kura waliiondoa madarakani, na waziri mkuu mpya Kevin Rudd alitia saini hati za kuridhia tarehe 3 Disemba, siku aliyoapishwa.

Halmashauri ya mji, chini ya meya Clover Moore aliyechaguliwa mwaka 2004, ilijiwekea mwaka 2008 lengo la kupunguza gesi zinazochafua mazingira kwa asilimia 70 ifikapo mwaka 2030, ikilinganisha na kiwango cha mwaka 2006. Hapo ndipo hesabu zilipoanza kusema ukweli usiopendeza. Takriban asilimia 80 ya uchafuzi wa eneo la halmashauri ulitokana na umeme wa makaa, na sehemu kubwa ya umeme huo iliishia katika maghorofa ya ofisi: viyoyozi, lifti, taa na mitambo ya kompyuta. Mkaazi aliyezima taa ya sebule yake alikuwa mchezaji mdogo mno. Mwenye kauli alikuwa mmiliki wa jengo, na mmiliki hakuwa na sababu ya kujishughulisha, kwani ankara ya umeme ililipwa na mpangaji. Mpangaji naye hakuwa na ruhusa ya kung'oa kiyoyozi kisicho chake.

Fundo hilo lilifunguliwa kwa chombo kisicho na mvuto wowote wa picha. Jimbo la New South Wales lilikuwa limeanzisha mwaka 1999 mfumo wa kuyapa majengo nyota kulingana na umeme yanaotumia, mfumo ambao baadaye ulijulikana kwa jina la NABERS na kuenea nchi nzima. Siri yake ni kwamba haupimi ahadi za msanifu wala uzuri wa ramani. Unasoma mita. Jengo linaloelezwa kuwa la kisasa lakini linalopoteza umeme hupata nyota chache, basi. Mwaka 2010 bunge la shirikisho lilipitisha sheria inayomlazimu mmiliki wa ofisi kubwa kuzitangaza nyota hizo anapouza au anapopangisha. Idara za serikali zikaanza kukataa kupanga katika majengo yenye nyota chache, na makampuni makubwa yakafuata. Ghafla jengo linalopoteza umeme likawa jengo linalopoteza wapangaji. Mwaka 2011 wamiliki wakubwa wa katikati ya mji waliunda ushirika wao pamoja na halmashauri, wakabadilishana maarifa na kupunguza uchafuzi wa majengo yao kwa kiasi kikubwa. Wakaguzi na mafundi wa viyoyozi walifanya katika kipindi hicho kazi ambayo mishumaa isingeweza kuifanya.

Si kila jambo lilifaulu. Mwaka 2009 halmashauri ilimwajiri Allan Jones, Mwingereza aliyejipatia sifa katika mji wa Woking na kisha London. Mpango wake ulikuwa kuirejesha mitambo ya umeme mjini, safari hii mitambo midogo ya gesi chini ya majengo, ambayo joto lake lisingetupwa bali lingetumika kupasha maji na kupoza vyumba. Ifikapo mwaka 2030 mitambo hiyo ilitarajiwa kutoa asilimia 70 ya umeme wa eneo zima. Mpango ulikwama kwenye kanuni: umeme uliovuka barabara moja kutoka jengo hadi jengo ulitozwa ada za njia za umeme kana kwamba umesafiri kutoka migodini. Gesi nayo ilitarajiwa kupanda bei. Mwaka 2013 sehemu kubwa ya mpango iliachwa. Pengine ilikuwa heri, maana gesi nayo ni mafuta ya ardhini, na bei ya mitambo ya jua ilikuwa ikishuka kwa kasi. Jambo dogo lilienda vizuri zaidi: kuanzia mwaka 2012 halmashauri ilianza kubadilisha zaidi ya taa 6,000 za mitaani na kuweka taa za kisasa zinazotumia umeme kidogo.

Barabara zilionyesha mipaka ya halmashauri wazi zaidi kuliko umeme. Sydney iliwahi kuwa na mojawapo ya mitandao mikubwa ya tramu katika himaya ya Uingereza, na ya mwisho iliegeshwa mwezi Februari mwaka 1961 ili kuyapisha magari. Mwaka 2010 halmashauri ilijenga njia ya baiskeli katika barabara ya College. Mwaka 2015 serikali ya jimbo, yenye mamlaka makubwa zaidi, iliing'oa. Upande wa tramu pande hizo mbili zilipatana, halmashauri ikachangia dola za Australia milioni 220, na mwezi Disemba mwaka 2019 tramu zilirudi katika barabara ya George, ambayo sehemu yake ilifungwa kwa magari. Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kuanzisha mabasi yake ya mwendokasi tangu mwezi Mei mwaka 2016, na mwaka 2018 ikatunukiwa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, ingawa abiria wanaosubiri vituoni wana lao la kusema.

Moshi katikati ya mji

Tramu zile zilizinduliwa katika moshi. Mioto ya misituni iliyoanza mapema mwaka huo wa 2019 iliuzingira mji kwa majuma kadhaa. Tarehe 10 Disemba moshi ulikuwa mzito kiasi cha kuviamsha ving'ora vya hatari ya moto ndani ya maofisi ambayo hayakuwa yakiungua. Baadhi ya safari za vivuko bandarini zilifutwa. Siku iliyofuata maelfu ya watu walikusanyika mbele ya ukumbi wa mji, wengi wakiwa wamefunika pua na midomo.

Wanafunzi walikuwa wametangulia. Mwezi Novemba mwaka 2018 waliacha madarasa na kuujaza uwanja wa Martin Place, baada ya waziri mkuu Scott Morrison kuliambia bunge kwamba alitaka masomo zaidi na uanaharakati mchache zaidi mashuleni. Tarehe 20 Septemba mwaka 2019 waandaaji walisema watu 80,000 walifika katika uwanja wa Domain, jirani na ile mikuyu iliyookolewa na vibarua. Kati ya mikusanyiko hiyo miwili, mwezi Juni mwaka 2019, halmashauri ilitangaza hali ya hatari ya tabianchi.

Tarehe 1 Julai mwaka 2020 ulianza mkataba ambao kwa mtazamaji wa historia unafunga pengo la mwaka 1935. Ukumbi wa mji, mabwawa ya kuogelea, viwanja na taa za mitaani zinazomilikiwa na halmashauri vilianza kutumia umeme ulionunuliwa wote kutoka vyanzo vya upepo na jua: mashamba ya Sapphire karibu na Inverell na Bomen karibu na Wagga Wagga, pamoja na mradi wa kijamii wa Shoalhaven. Thamani yake ilikuwa zaidi ya dola milioni 60 kwa miaka kumi, na halmashauri ilisema ungeiokolea hadi dola nusu milioni kwa mwaka. Halmashauri haikujenga kituo kipya cha Pyrmont. Iliamua tu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka 85, umeme wake utoke wapi. Baadaye ilijiwekea lengo la eneo lake zima kutoongeza gesi hizo angani ifikapo mwaka 2035.

Shughuli za halmashauri yenyewe, hata hivyo, ni sehemu ndogo sana ya uchafuzi wa eneo lake, na wakaazi wake wengi wanaishi katika maghorofa. Australia ina mitambo ya jua juu ya zaidi ya nyumba moja katika kila tatu, lakini aliyepanga ghorofa ya tisa hana paa. Mwenye nyumba ndani ya ghorofa alihitaji robo tatu ya kura za wenzake ili kubadilisha chochote juu ya paa la pamoja. Sheria ya jimbo ya mwaka 2021 ililegeza sharti hilo kwa mitambo ya kuokoa nishati, ikatosha kwamba zaidi ya nusu wasipinge. Wengine walijiunga kununua hisa: mitambo ya jua iliyo juu ya jumba la mikutano la kimataifa katika ghuba ya Darling iligharamiwa na wawekezaji wa kawaida.

Na katikati ya mji si Sydney yote. Upepo wa bahari hufika kwenye maghorofa ya ofisi. Haufiki Penrith, upande wa magharibi, ambako tarehe 4 Januari mwaka 2020 kipimajoto kilionyesha nyuzi 48.9. Huko wanaishi wengi wa wasafisha ofisi na madereva. Kaskazini, mwendo wa saa mbili kwa gari, bandari ya Newcastle inaendelea kupakia zaidi ya tani milioni 130 za makaa kila mwaka kupeleka ng'ambo, makaa ambayo hayamo katika hesabu za mji wowote wa Australia. Kituo cha Eraring, kikubwa kuliko vyote vya makaa nchini humo, kilipangiwa kufungwa mwaka 2025; mwaka 2024 serikali ya jimbo ilikubaliana na mwenye nacho kiendelee.

Mwezi Aprili mwaka 2022 bunge la jimbo liliongeza adhabu kwa wanaozuia barabara kuu na bandari kwa maandamano: kifungo cha hadi miaka miwili na faini ya dola 22,000. Siku chache baadaye mwanamke mmoja na wenzake walisimamisha lori kwenye njia moja ya daraja la bandari, lile lile lililozimwa taa mwaka 2007 huku viongozi wakipiga makofi, wakaifunga njia hiyo kwa muda usiofika nusu saa. Mwezi Disemba alihukumiwa kifungo cha miezi 15. Mwezi Machi mwaka 2023 kifungo hicho kilifutwa katika rufaa, baada ya polisi kukiri kwamba madai ya gari la wagonjwa kuzuiwa siku ile hayakuwa ya kweli. Mwezi Disemba mwaka huo huo mahakama kuu ya jimbo, mjini Sydney, ilibatilisha sehemu ya sheria ile kwa kukiuka uhuru wa mawasiliano ya kisiasa. Kesi ilikuwa imefunguliwa na wanawake wawili wa kikundi cha mabibi wanaoandamana huku wakifuma sweta.